Kompyuta Ikigoma Kuwaka

Mwezi huu nilikusudia tuendelee na habari ya kuhifadhi mahindi yasibunguliwe na dumuzi. Nimeiahirisha kwa sababu ya jambo lililonipata nyumbani kwangu, na ambalo kila ninapolisimulia, mama mmoja au wawili husema, "Hata kwangu lilitokea." Asubuhi moja nilibonyeza kitufe cha kompyuta, nayo ikagoma kuwaka.

Labda utasema hayo ni mambo ya akina baba na vijana. La hasha. Siku hizi humo ndimo zilimo picha za wazazi wetu waliotangulia, nakala za vyeti vya watoto, barua za kuomba kazi, hesabu za duka na za kuku. Mama asiyejua la kufanya kompyuta inapogoma hulazimika kuamini kila anachoambiwa, na si kila anachoambiwa ni kweli.

Kompyuta yetu ni ya mezani. Tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika ofisini huko Ulaya. Ipo sebuleni, kwenye kona kati ya kabati la vyombo na dirisha, na nimeifunika kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Watoto huitumia kwa masomo, baba yao hutazamia mechi za zamani, nami nina kazi yangu moja tu: hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tuko akina mama 22, na mimi ndiye mweka hazina. Kila mwanachama ana kijitabu chake cha hisa, lakini mikopo, riba na faini zote za mwaka mzima zimo ndani ya kompyuta. Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu tuache daftari kubwa. Niliwaambia daftari linaweza kumwagikiwa chai.

Alhamisi usiku umeme ulikatika. Ukarudi alfajiri kwa ghafla, taa zikawaka kwa ukali, zikafifia, kisha zikatulia. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu nikakaa mbele ya kompyuta ili nimalizie hesabu za mgao, maana mgao ulikuwa kesho yake, Jumamosi saa nne. Nikabonyeza kitufe. Feni ikavuma, kijitaa cha kijani kikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi tii. Nikazima, nikawasha. Hivyo hivyo. Nikarudia labda mara kumi, kila mara nikibonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba kitufe ndicho kilichokuwa kigumu wa kuelewa.

Hapo nikaiona flashi. Ilikuwa imechomekwa mbele ya kompyuta, nami nikaitambua kuwa ya mwanangu wa pili, mwenye miaka 15. Nilikuwa nimemkataza mara nyingi kuleta michezo ya kuazima kwa wenzake. Sitaki kuandika yote niliyomwambia. Inatosha kusema kwamba nilimwita mharibifu mbele ya wadogo zake na mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi, na kwamba aliondoka kwenda shule bila kunywa chai. Flashi niliichomoa nikaitupa huko. Kompyuta haikuwaka.

Mama mwenzangu, unajua nilichokuwa nakiogopa. Mweka hazina anayesimama mbele ya wenzake siku ya mgao na kusema hesabu zimepotea, hakuna anayesikia neno "kompyuta." Wanasikia kwamba amekula fedha.

Saa tatu nikaifunga kompyuta kwa kanga, nikapanda nayo bajaji hadi kwa fundi mmoja mjini. Hakuifungua. Aliiunganisha, akabonyeza kitufe mara moja, akasikiliza, akasema, "Mama, hadi diski imekufa. Tunaweka nyingine, tunapiga Windows, kesho jioni unachukua." Nikamwuliza, "Na vitu vyangu vilivyomo?" Akajibu, "Hivyo ndiyo basi tena." Ningependa kukuambia kwamba nilikataa kwa busara. Ukweli ni kwamba fedha alizotaja sikuwa nazo. Nikaifunga tena kwa kanga nikarudi nayo nyumbani, nikilia ndani ya bajaji.

Aliyeniokoa ni binti wa kaka yangu anayesomea ufundi chuoni. Nilimpigia simu jioni nikamwambia kompyuta imekufa. Akasema, "Shangazi, shikamoo. Usiniambie imekufa. Niambie unaona nini na unasikia nini." Kwa maswali hayo mawili tu alinifundisha zaidi ya nilivyojifunza katika miaka yote ya kuifuta vumbi mashine ile, na ndiyo ninayotaka kukupa mwezi huu.

Kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja kama taa. Huwaka kwa hatua. Kwanza umeme hufika ndani. Pili, mashine hujikagua yenyewe, viungo vyake vikuu vipo na vinafanya kazi? Tatu, huitafuta diski na kuanza kusoma humo programu inayoiendesha, kama vile Windows. Ikikwama, imekwama katika mojawapo ya hatua hizo, na kwa kawaida yenyewe hukuonyesha ni ipi. Ni kama maji yasipotoka bombani jikoni. Huanzi kwa kuvunja ukuta. Kwanza unauliza kama jirani anayo, kisha unatazama koki ya nje.

Sasa, ikiwa hakuna taa, hakuna mvumo, hakuna chochote, shida ipo kwenye umeme, na unaanza ukutani. Chomeka chaja ya simu au taa ya mezani kwenye soketi ile ile uone kama inapata. Kisha shuku ekstensheni, hasa zile nyepesi za bei ya chini ambazo matundu yake hulegea. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani yake, nayo huungua. Baadaye tazama waya. Kwa kompyuta nyingi za mezani, waya wa umeme wa kompyuta na ule wa skrini ni wa aina moja, kwa hiyo unaweza kuvibadilishana: kama skrini ndiyo sasa imekufa na kompyuta imefufuka, umempata mwenye makosa, na ni waya tu. Nyuma ya kompyuta, karibu na mahali waya unapoingia, mara nyingi kuna swichi ndogo yenye alama ya mstari na ya duara. Mstari ni kuwasha, duara ni kuzima. Mtu akifagia au kusogeza meza huigusa bila kujua. Ukiona hapo nyuma, kwenye mashine za zamani, swichi nyingine ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye namba 115 na 230, hiyo usiiguse kabisa. Umeme wetu Tanzania ni wa volti 230, na kuiweka kwenye 115 ni kuiunguza mashine.

Kama yote ni mazima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa nusu dakika, subiri kidogo, kisha chomeka tena. Jambo hili linaonekana kama uchawi lakini lina sababu. Umeme ukija kwa kishindo, kifaa cha ndani kinachogawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, huweza kujifunga ili kujilinda, nacho hakijifungui mpaka kitengwe na umeme kabisa. Kisipoamka hata hapo, huenda kimekufa, na hicho hubadilishwa kizima, hakifunguliwi nyumbani. Ndani yake kuna vihifadhi umeme vinavyoweza kumpiga mtu hata waya ukiwa umechomolewa. Nimewahi kuona fundi akifungua pawa saplai ya shule moja akatoa mjusi aliyekaukia humo. Wadudu na mijusi hupenda joto, na matundu ya nyuma ya kompyuta kwao ni mlango wa nyumba.

Mimi nilimwambia binti yetu kwamba taa inawaka na feni inavuma. Akasema, "Basi, Shangazi, umeme unafika. Na fundi amejuaje kwamba diski imekufa wakati mashine haijafika hata mahali pa kuitafuta diski?" Swali hilo lilinifanya niache kulia.

Hatua hii ya pili, ya taa kuwaka na skrini kubaki nyeusi, ndiyo inayowapotosha wengi, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Anza na skrini yenyewe. Je, ina taa yake? Ukiizima na kuiwasha inaonyesha maandishi yoyote, hata ya kusema kwamba haipati picha? Ikiweza kusema hivyo, yenyewe ni nzima. Kinachokosekana ni picha kutoka kwenye kompyuta. Chomoa kebo ya picha pande zote mbili, tazama kama miguu yake haikupinda, irudishe kwa uthabiti. Kompyuta nyingine zina sehemu mbili za kuchomekea kebo hiyo nyuma, moja ya mashine yenyewe na nyingine ya kadi ya picha iliyoongezwa. Kama kadi ipo, kebo inapaswa kuingia kwenye kadi. Nimesikia habari za mtu aliyenunua skrini mpya kwa sababu hiyo tu.

Kisha sikiliza. Kompyuta nyingi za mezani, hasa za zamani, zina kispika kidogo ndani ambacho hulia zinapojikagua. Desturi hiyo ni ya tangu kompyuta binafsi ya IBM iliyotoka mwaka 1981: ikilia mara moja kwa kifupi, ukaguzi umepita salama. Ikilia kwa namna nyingine, inalalamika. Watengenezaji hawakukubaliana juu ya maana ya milio, kwa hiyo usikariri orodha ya mtu. Hesabu tu milio, andika ni mirefu au mifupi, umsomee fundi pamoja na jina na aina ya mashine. Milio mirefu inayojirudia bila kukoma mara nyingi inahusu kumbukumbu, yaani zile kadi nyembamba ambazo mafundi huziita ramu. Kompyuta mpya nyingi hazina kispika hicho, zimenyamaza tu, na mimi nasema huko si kuendelea.

Yangu ilikuwa inalia. Nilikuwa sijaisikia kwa sababu ya kelele zangu mwenyewe.

Binti yetu akaniambia nichomoe waya ukutani, nibonyeze kitufe mara moja ili kumaliza umeme uliobaki, niiweke mashine juu ya meza ya mbao, si juu ya zulia, na nivue sweta. Mavazi ya nailoni na zulia huzalisha umeme mdogo mwilini, ambao mtu anaweza asiuhisi lakini ukaua vifaa vya ndani. Kabla ya kugusa chochote ndani, gusa kwanza bati tupu la mwili wa kompyuta. Nikafungua skrubu mbili za nyuma, nikavuta bati la pembeni. Vumbi lililokuwa humo lilinitia aibu kama mwanamke. Lilikuwa limeganda kwenye feni kama pamba. Usilipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Tumia brashi laini na kavu, ukishika feni kwa kidole isizunguke.

Kadi za kumbukumbu ni rahisi kutambua. Zimesimama wima kwenye ubao mkuu, ndefu kiasi cha kidole cha mtu mzima au zaidi, na kila moja imebanwa na vibanio kwenye ncha, wakati mwingine ncha moja tu. Ukibonyeza kibanio kwa nje, kadi inajiinua. Ishike kwa pembe zake. Chini ina mstari wa rangi ya dhahabu, na hapo ndipo inapogusana na ubao. Kwa miaka kadhaa ya joto, vumbi na unyevunyevu, mstari huo hushika utando, na mguso hukatika. Chukua kifutio safi cha penseli, futa dhahabu hiyo taratibu pande zote mbili, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu, kisha usiguse tena kwa vidole. Kuirudisha, tazama ufa mdogo ulio kwenye mstari: kadi inaingia upande mmoja tu. Ikikataa, usilazimishe, igeuze. Ikikubali, bonyeza ncha zote mbili mpaka kibanio kilie "tak." Hiyo "tak" ilinitisha kweli, nilidhani nimevunja.

Kama zipo mbili, jaribu na moja tu kwanza, kisha nyingine. Ikiwaka na moja na kukataa na nyingine, umejua mgonjwa ni nani, na unaweza kuendelea kuitumia kwa ile nzima huku ukitafuta mwenzake.

Nilichomeka waya. Nikabonyeza. Mlio mmoja mfupi. Na skrini ikaleta maandishi!

Kabla sijafika huko, neno kwa wenye kompyuta mpakato. Nyingi za siku hizi betri imo ndani na kumbukumbu nyingine zimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, kwa hiyo usizifungue kama hujafundishwa. Jaribu chaja nyingine iliyo ya mashine hiyo hiyo, kisha shikilia kitufe kwa nusu dakika uachie, uwashe tena. Kama inavuma na skrini ni nyeusi, zima taa za chumba, umulike skrini kwa tochi kwa mshazari. Ukiona picha hafifu, kompyuta ni nzima; kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya skrini. Unaweza kuiunganisha na televisheni kwa kebo ya HDMI ukanakili mambo yako siku hiyo hiyo.

Sasa hatua ya tatu, ya maandishi. Hapa wengi hukata tamaa kwa sababu maandishi ni ya Kiingereza na ya kutisha. Usibonyeze kitu kwa haraka. Yapige picha kwa simu yako. Fundi anayesomewa maneno yenyewe hafanyi kazi ya kubahatisha.

Yakisema hakuna diski ya kuwashia, kwanza chomoa flashi na kila kilichochomekwa isipokuwa kibodi na mausi, kisha washa upya. Mashine nyingine hupangwa kutazama flashi kabla ya diski ya ndani. Zikikuta flashi isiyo na Windows, zinasimama hapo. Waliotumia kompyuta katika miaka ya 1990 wanakumbuka kosa hilo kwa diski laini iliyosahauliwa. Kwa hiyo mashaka yangu juu ya flashi ya mwanangu hayakuwa ya kijinga moja kwa moja. Lakini kwa kawaida flashi haiifanyi skrini iwe nyeusi kabla hata ya ukaguzi kupita, na niliichomoa bila mabadiliko yoyote. Ushahidi ulikuwa mbele yangu saa moja kasoro asubuhi, ila sikutaka kuusoma.

Kwangu maandishi yalisema kwamba saa na mipangilio imepotea, nibonyeze F1 kuendelea. Tarehe iliyoonyeshwa ilikuwa ya miaka mingi iliyopita, kabla hatujainunua. Binti yetu akacheka. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, ya volti 3, kwa kawaida aina ya CR2032, inayotunza saa wakati mashine imekatwa na umeme. Hudumu miaka kadhaa kisha huisha. Mradi kompyuta imechomekwa ukutani na umeme upo, hutambui kuwa betri imekwisha. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi mashine inaamka haijui leo ni lini. Bei ya betri hiyo haifikii nusu kilo ya nyama. Nikabonyeza F1, nikasubiri, Windows ikaja.

Ningeweza kuishia hapo, lakini si kila mtu atakuwa na bahati yangu. Ikiwa Windows yenyewe inaanza kisha inazunguka bila kufika, mara nyingi diski ni nzima na programu ndiyo imevurugika, labda umeme ulikatika katikati ya kujisasisha. Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara mbili tatu mfululizo huleta zenyewe ukurasa wa matengenezo wenye rangi ya samawati. Humo kuna njia ya kurekebisha mwanzo, na njia ya kuwasha kwa usalama na mambo machache tu. Anza na hizo, wala usikimbilie ile ya kufuta kila kitu. Ukurasa mwingine unaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Hautokani na virusi. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa siri, na ufunguo wake kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiandikisha mashine. Kama mashine yako ni nzima leo, ingia katika akaunti hiyo, uandike tarakimu hizo kwenye karatasi uziweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Na ukiambiwa kompyuta yako haiwaki kwa sababu Windows 10 imefungwa, usikubali. Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida kwa programu hiyo tarehe 14 Oktoba 2025, lakini mashine zenye Windows 10 hazikuzimwa.

Dalili moja ya kukimbilia swichi ni hii: diski ikilia tik, tik, tik kama saa ya ukutani au kukwaruza. Diski za kizamani zina sahani zinazozunguka na kichwa cha kusomea, na mlio huo huonyesha kichwa kinahangaika. Kila unapoiwasha tena unaweza kuwa unakwangua picha za harusi. Zima, iache imezimwa, mtafute mtu anayejua kuokoa data.

Na diski isipolia, usimruhusu mtu yeyote kupiga Windows kabla hajanakili vilivyomo. Kompyuta isiyowaka haina maana kwamba diski yake ni tupu. Fundi anaweza kuichomoa diski na kuisoma kwa kebo kwenye kompyuta nyingine, au kuiwasha mashine yako kwa flashi yenye Ubuntu, programu ya bure inayofanya kazi bila kugusa Windows yako, akanakili mafaili yote. Ni kazi ya kawaida katika ufundi. Unapompelekea kompyuta, mwambie kwa kinywa na kwa maandishi: nataka kwanza vitu vyangu. Akisema haiwezekani bila kufungua hata skrubu moja, beba kanga yako. Akibadilisha kifaa chochote, akurudishie kile cha zamani, na diski kuliko vyote, maana hata iliyokufa ina siri zako.

Juu ya umeme nitasema machache. Ukikatika, chomoa kompyuta ukutani na uiache hivyo mpaka utakaporudi na kutulia kwa dakika chache. Stabilaiza ni ya msaada, na kifaa chenye betri kinachokupa dakika za kuhifadhi kazi ni bora zaidi, ila betri yake nayo huchoka baada ya miaka michache na huwa hatuikumbuki.

Ijumaa ile nilinakili faili la kikundi kwenye flashi mbili kabla hata sijalifungua, nikamtumia katibu nakala kwa simu. Saa nne za usiku hesabu zilikuwa tayari. Nakala moja ya flashi ilikuwa kwenye flashi ya mwanangu, kwa maana niliitafuta kwa tochi nikaikuta nyuma ya pipa la maji. Ilikuwa na michezo, kama nilivyosema. Alikuwa hajalala. Nikamwambia kwamba yeye hakuharibu kitu, kwamba mimi nilimkosea, na kwamba nitamwambia hivyo hivyo jirani na wadogo zake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimefuta michezo yake. Sikuifuta.

Jumamosi wenzangu walipewa mgao wao. Nilipowaeleza yaliyotokea, walicheka, kisha wakaamua kwa kura kwamba daftari kubwa lirudi, liandikwe pamoja na kompyuta, na mweka hazina alinunue kwa fedha zake. Nimelinunua. Betri tuliinunua Jumatatu. Aliibadilisha mwanangu, mimi nikimshikia tochi, na tarehe ya leo ikakaa.